Picha Ile Ile, Macho Mengine

Yafuatayo ni mazungumzo ya juma hili kama yalivyosomwa redioni.

 Kuna swali ambalo watu huulizana wakitoka kuangalia picha, hata kabla macho hayajazoea mwanga wa nje: Je, imeizidi ile ya kwanza? Swali hilo haliulizwi kwa kila picha. Huulizwa kwa sehemu ya pili, yaani muendelezo wa picha iliyopendwa na dunia nzima, ambao watu wameungojea miaka miwili au mitatu huku kila mmoja ameshautunga kichwani mwake. Na jibu hutolewa pale pale mlangoni. Mara nyingi jibu ni la. "Wameiharibu," utasikia mtu akisema. "Walifuata pesa tu hawa."

Leo nataka tulizungumze jibu hilo la mlangoni, na yale yanayolipata baadaye. Maana katika hukumu zote ambazo sisi watazamaji hutoa, sijaona inayobadilika upesi kama hukumu ya siku ya kwanza juu ya sehemu ya pili. Watu ni wale wale, picha ni ile ile. Wakishaiangalia mara ya pili na ya tatu, wanasema mengine kabisa.

Tuchukue mfano ulio mkubwa. Tarehe 25 Mei, mwaka 1977, ilitoka huko Marekani picha iitwayo Star Wars, kazi ya George Lucas. Wengi wenu mnaijua. Yumo kijana wa shambani, Luke Skywalker. Yumo binti mfalme, yumo mzee mwenye upanga wa mwanga, na yumo yule adui wa mavazi meusi, Darth Vader, anayepumua kama mivukuto ya mhunzi. Ni hadithi iliyonyooka. Wema wanashinda, ngome ya adui inalipuliwa, nishani zinagawiwa, watu wanakwenda nyumbani wakipiga mluzi.

Miaka mitatu baadaye, Mei 1980, ikaja ya pili, The Empire Strikes Back, yaani Dola Yajibu Mapigo. Safari hii Lucas hakuiongoza mwenyewe, bali alimkabidhi Irvin Kershner, mtu aliyepata kufundisha katika chuo alichosoma Lucas. Basi watu wakaingia sinema kutafuta furaha ya mwaka 1977. Wakakuta nini? Wema wanapigwa tangu mwanzo. Wanafukuzwa kwenye sayari ya barafu, wanakimbia huku na huko kama kuku waliovamiwa na mwewe. Han Solo, mcheshi wa kundi, anasalitiwa na rafiki yake wa zamani, anagandishwa mzima mzima, kisha anachukuliwa kama mzigo na mtu aliyemsaka kwa ajili ya malipo. Luke anakatwa mkono. Halafu, akiwa ananing'inia hapo na maumivu yake, anaambiwa na Vader kwamba yeye Vader ndiye baba yake. Taa zinawaka. Picha imekwisha. Rudini mwaka 1983!

Sisi tuliokulia kwenye mabanda ya video tunaijua sheria moja ambayo haikuandikwa popote: steringi hafi. Steringi anaweza kupigwa, anaweza kufungwa minyororo, anaweza kuuliwa mke na watoto ili apate hasira. Lakini kabla ya majina kupanda kwenye kioo, ni lazima awe amesimama na adui awe amelala. Luke hakufa, kweli. Lakini picha inayomwacha steringi amefungwa bendeji, hana jibu, na rafiki yake hajulikani aliko, kwenye banda la mtaani kwetu ingewafanya watu wadai kiingilio chao.

Wamarekani hawakudai kiingilio. Hilo lisemwe, maana siku hizi watu hupenda kuongeza chumvi wakasema kwamba picha ile ilikataliwa. Haikukataliwa. Ndiyo iliyoongoza kwa mapato huko kwao mwaka 1980. Lakini kununua tiketi ni jambo moja na kuridhika ni jingine. Wachambuzi waligawanyika. Wapo walioisifu sana. Vincent Canby wa gazeti la New York Times aliiona baridi, haina mkono wa mtu ndani yake, akaifananisha na kadi ya Krismasi unayotumiwa na benki. Lalamiko lililorudiwa na wengi lilikuwa kwamba hii si hadithi kamili. Haina mwanzo wala mwisho, ni katikati tu.

Na lile neno la Vader halikuaminiwa na wote. Watoto waligombana shuleni miaka mitatu mizima: ni baba yake kweli, au anamdanganya? Msiwacheke. James Earl Jones, ambaye ndiye sauti ya Vader, alipata kusema kwamba aliposoma maneno yale kwa mara ya kwanza, yeye mwenyewe alidhani Vader anasema uongo. Siri ilifichwa hivi kwamba David Prowse, aliyekuwa ndani ya yale mavazi meusi, wakati wa kupiga picha alipewa maneno mengine kabisa ya kusema.

Sasa njoo mbele miaka 17. Mwaka 1997 picha hizo zilirudishwa kwenye majumba ya sinema. Lucas alikuwa amezichokonoa hapa na pale kwa kompyuta, jambo ambalo mashabiki wake hawajamsamehe hadi leo, lakini hiyo ni kesi nyingine. Roger Ebert, mchambuzi mashuhuri wa Chicago, aliandika wakati huo kwamba kati ya zote tatu iliyo bora ni hii ya pili. Mwaka 2010 Maktaba ya Bunge la Marekani iliiingiza katika orodha ya filamu za kuhifadhiwa kwa ajili ya taifa. Na leo ukiwakusanya mashabiki kumi wa hadithi hizi ukawauliza ipi ni kinara, wengi watakutajia ile ile isiyo na mwanzo wala mwisho.

Basi nini kilichotokea hapo katikati?

Mimi naona hivi. Mtu anapoiangalia sehemu ya pili kwa mara ya kwanza, haiangalii. Anaangalia mbili kwa pamoja: moja iko kwenye kioo, nyingine iko kichwani mwake, ile aliyoitunga mwenyewe miaka yote ya kungoja. Kila kioo kinapotofautiana na kichwa, anahesabu kosa. Juu ya hayo ana haraka. Anataka kujua kama Han Solo atafunguliwa, kama Luke atashinda, na macho yake yanakimbilia mbele ya hadithi. Mtu mwenye haraka haoni njia. Mara ya pili ile picha ya kichwani imeshakufa, na haraka imekwisha kwa sababu mwisho anaujua. Hapo ndipo anapoketi kuangalia.

Nitoe ushahidi kutoka ndani ya picha yenyewe. Katikati yake Luke yuko kwenye sayari ya matope akifundishwa na Yoda, kizee kidogo cha kijani. Anaingia kwenye pango. Anakutana na Vader, wanapigana, anamkata kichwa. Kofia ya chuma inabingirika, uso wake unapasuka, na ndani Luke anauona uso wake yeye mwenyewe. Mara ya kwanza hapo unashtuka, kisha unapita. Pengine unajiuliza kwa nini wanatupotezea muda na mazingaombwe badala ya kurudi vitani. Mara ya pili, ukijua Vader ni nani, nywele zinakusimama. Kumbe picha ilikuwa imeshakuambia! Ilikuambia saa nzima kabla, na wewe ulikuwa unangoja vita.

Au mtazame huyo Yoda. Ni mwanasesere. Mkono wa Frank Oz umo ndani yake. Siku ya kwanza baadhi ya watu walicheka, wakasema Lucas ameishiwa sasa anatuletea vikaragosi vya watoto. Ukirudi mara ya pili unaacha kutafuta mkono ulipo, unaanza kusikiliza anachosema.

Lakini hili la tatu ndilo ninalolipenda zaidi. Sehemu ya pili nzuri huibadilisha hata ile ya kwanza. Rudi kwenye picha ya mwaka 1977. Shangazi yake Luke, mezani, anamwambia mumewe kwamba kijana huyu amechukua mno tabia za baba yake. Mume anajibu kwamba hilo hasa ndilo analoliogopa. Mwaka 1977 hayo yalikuwa mazungumzo ya walezi wa kawaida: mtoto anataka kusafiri, mjomba anamtaka abaki shambani. Baada ya mwaka 1980 maneno yale yale, yaliyosemwa na watu wale wale, yana kiza ndani yake. Na yule mzee, Obi-Wan, anapomwambia Luke kwamba Vader alimuua baba yake, sasa unaukazia macho uso wa mwigizaji Alec Guinness, unauona ukisita kidogo kabla ya kujibu, unasema: huyu mzee anaficha jambo.

Je, alikuwa anaficha kweli? Hapa pana utamu wake. Rasimu ya kwanza ya picha ya pili iliandikwa na mama mmoja, Leigh Brackett, mwandishi mzoefu aliyefariki Machi 1978, muda mfupi tu baada ya kuikabidhi. Katika rasimu hiyo baba yake Luke anatokea kama roho, naye ni mtu mbali na Vader. Kwa hiyo miaka miwili kabla ya hapo, Guinness alipokuwa anasita mbele ya kamera, sidhani kama alikuwa na siri yoyote ya kuficha. Siri tumemtilia sisi, kwa kuangalia tena.

Kwetu Afrika Mashariki mabanda ya video yalikuwa shule ya jambo hili bila mtu yeyote kupanga. Ukiingia katikati ya mkanda, na mwenye banda akiwa mpole, ulikaa hapo hapo mpaka uwekwe tena ili uone mwanzo. Mwisho uliujua kabla ya chanzo. Mikanda ilikuwa michache, na ule uliopendwa ulirudiwa mpaka kioo kikaanza kucheza mistari. Mimi hii The Empire Strikes Back niliiona kwa mara ya kwanza kwenye mkanda wa namna hiyo, barafu yote imegeuka rangi ya chai. Nilikuwa mtoto, na nilichokishika ni yale madubwana ya chuma yanayotembea kwa miguu minne tu. Pango sikulikumbuka kabisa. Nimeiona tena nikiwa kijana, nimeiona tena nikiwa baba wa watoto, na safari hii ya mwisho niliyemwangalia zaidi ni Vader, jinsi anavyonyoosha mkono kumwita mwanawe, na mwanawe anachagua kujitupa shimoni.

Tena kwenye mabanda yale alikuwapo msimulizi. Tanzania alivuma Lufufu, Kenya yupo DJ Afro, Uganda yupo VJ Jingo na wenzake. Watu waliosoma waliwabeza, wakisema wanaharibu picha za wenyewe kwa maneno ya kuzua. Mimi naona hivi: msimulizi ni mtu aliyekwisha kuiangalia picha kabla yako. Anapokudokeza mapema, muangalie sana huyu anayecheka, ndiye atakayewauza wenzake, anakupa macho ya mara ya pili siku ya kwanza. Ndiyo maana watu waliokuwa hawajui neno la Kiingereza walitoka wameielewa picha kuliko aliyekaa Ulaya kwenye kiti cha sponji.

(Kwa picha zetu wenyewe za nyumbani, neno Part 2 lilikuwa na maana yake nyingine. Ilikuwa nusu iliyobaki ya hadithi ile ile, imekatwa ili ununue diski mbili. Hapo lawama za mlangoni zilikuwa halali kabisa.)

Wapo waliopatwa na kinyume cha haya, wakanyang'anywa mara yao ya kwanza. Mwaka 1991 James Cameron alitoa Terminator 2. Katika ile ya kwanza, ya mwaka 1984, Arnold Schwarzenegger alikuwa muuaji. Cameron akaijenga ya pili kwa werevu: watu wawili wanakuja kutoka wakati ujao, wote wanamtafuta mtoto mmoja, na wewe unatetemeka kwa ajili ya mtoto maana unamjua Arnold ni nani. Hadi kwenye kile kichochoro cha ndani ya jengo la maduka, anapotoa bunduki kwenye boksi la maua, ndipo inapojulikana kwamba amekuja kumlinda. Ni mpango mzuri ajabu. Lakini matangazo ya picha yalikuwa yameshalitoboa hilo kabla hata tiketi hazijauzwa! Karibu dunia nzima iliiangalia Terminator 2 kwa mara ya pili tangu siku ya kwanza. Ikapendwa hata hivyo, na mwishoni steringi alizama kwenye chuma kilichoyeyuka, sheria yetu ya mabandani ikavunjwa mbele ya macho yetu, na wanaume wazima wakajifanya wameingiwa na vumbi.

Msije mkadhani nasema kila picha mbaya ni nzuri iliyokosa subira. La hasha. Ziko zinazopungua kila ukirudi. Mlipuko uliokushtua mara ya kwanza, mara ya pili unausubiri, mara ya tatu unaangalia saa. Picha iliyokuwa na siri moja tu ikishatoboka haina kingine.

Mwaka 1999, tarehe 19 Mei, Lucas alirudi na The Phantom Menace, hadithi ya utoto wa Vader. Miaka 16 watu hawajaona picha mpya ya Star Wars kwenye majumba ya sinema. Miezi sita kabla, kuna waliolipa kiingilio cha picha nyingine ili waone trela yake tu, kisha wakaondoka. Wakalala barabarani wakipanga foleni. Ikaingiza zaidi ya dola milioni 900 duniani, na ikatukanwa kama ambavyo sijaona picha ikitukanwa. Matusi mengi yalimwendea mhusika mmoja, Jar Jar Binks, kiumbe mwenye masikio marefu anayejikwaa kila hatua. Wapo waliosema ni kero tu. Wapo waliosema, kwa hoja nzito zaidi, kwamba namna yake ya kusema na kutembea inakumbusha vichekesho vya zamani vya kuwadhihaki watu weusi.

Sasa, nyuma ya Jar Jar alikuwapo mtu. Jina lake Ahmed Best, kijana Mmarekani mweusi, aliyetoka kwenye kundi la jukwaani la Stomp. Miondoko na sauti vilikuwa vyake. Kompyuta iliongeza ngozi. Ilikuwa kazi mpya, karibu hakuna aliyewahi kuifanya kabla yake kwa kiasi kile. Hukumu ya mlangoni ilimwangukia yeye. Mwaka 2018 alieleza hadharani kwamba matusi yale yalimfikisha mahali pa kutaka kujiua.

Hapo ndipo mimi ninapoona hatari ya jambo hili tunalolichukulia kama porojo za barazani. Mtazamaji ana nafasi ya kubadili mawazo. Atarudi baada ya miaka 20, ataangalia tena, atasema kumbe haikuwa mbaya hivyo. Lakini aliyetukanwa, hiyo miaka 20 ameiishi.

Na kweli wamerudi. Mei 2024 picha hiyo ilirejeshwa kwenye majumba ya sinema kutimiza miaka 25, na waliojaza viti walikuwa wale waliokuwa watoto mwaka 1999. Hao hawakuwa na picha ya kichwani. Hawakungoja miaka 16. Kwao hii ndiyo ilikuwa ya kwanza, na Jar Jar alikuwa rafiki yao. Leo wao ndio wenye kalamu, wenye maikrofoni, na maoni yamehama pamoja nao. Mimi binafsi nimeirudia mara mbili. Yale mashindano ya magari ya angani bado yananisisimua, na ule upigaji panga wa mwisho na muziki wa John Williams hauna mwenzake. Mabishano ya kodi na biashara ya sayari bado yananilaza usingizi, na hilo nadhani hata nikirudia mara kumi halitabadilika.

Best mwenyewe alirudi. Mwaka 2023, katika mfululizo wa televisheni uitwao The Mandalorian, alitokea na uso wake mwenyewe, bila masikio, akiwa shujaa mwenye panga mbili za mwanga, akimwokoa mtoto. Waliokuwa wakifuatilia walishangilia.

Sasa hivi kesi iliyo wazi ni ya The Last Jedi, ya mwaka 2017, iliyoongozwa na Rian Johnson. Wachambuzi waliisifu, watazamaji wakagawanyika vibaya. Mwigizaji Kelly Marie Tran aliandamwa hadi akafuta aliyokuwa ameyaweka kwenye ukurasa wake wa Instagram mwaka 2018. Ukiwasikiliza vijana wanaobishana juu yake leo utadhani wanazungumzia mipaka ya shamba. Waliokuwa na umri wa miaka kumi walipoiona ndio kwanza wanaanza kufikia umri wa kuandika wanachofikiri. Nitawasoma.

Hadi juma lijalo, kwaherini.